Tairi Haijui Selsiasi

Wasee, hesabu ya gesi wengi tuliikremu tu ya mtihani, lakini iko barabarani kila siku. Presha mara ujazo, gawanya kwa halijoto: jibu halibadiliki, bora gesi isitoroke.

Chukua tairi ya matatu. Asubuhi Nairobi, nyuzi 15, geji inasoma PSI 30. Safarini hewa ya ndani inafika nyuzi 45. Ukitumia selsiasi, utasema presha imepanda mara tatu. Zii! Ongeza 273 kwanza: 288 na 318. Pia geji haihesabu presha ya hewa ya nje, ambayo Nairobi ni kama 12. Ujazo wa tairi haubadiliki sana, kwa hivyo ni 42 × 318 ÷ 288, karibu 46. Toa 12: geji itasoma 34.

Ndiyo maana mimi hukasirika nikiona mtu akitoa upepo kwa tairi moto, eti imezidi. Akiirudisha 30, ikipoa itabaki 26. Kesho tairi hiyo laini itajikunja-kunja, ipate joto kupita kiasi, na inaweza kupasuka na abiria ndani. Pima ikiwa baridi, buda. Hiyo hesabu imebeba watu.