Tafakari ya Juma: Picha ya Mtu ni Amana



Juma hili tumependa kutafakari pamoja nanyi jambo ambalo huenda likaonekana dogo mbele ya mafumbo makuu ya imani yetu, nalo ni jinsi tunavyozitunza na kuzituma picha za watu. Siku hizi hakuna ubatizo, Komunyo ya Kwanza, ndoa wala mazishi yanayopita hapa Buhemba pasipo simu kadhaa kuinuliwa juu. Picha hizo hupelekwa kwa ndugu walioko Musoma, Mwanza na Dar es Salaam, na nyingine huwekwa mtandaoni, ambako kila mtu aweza kuzitazama. Mtaguso wa Pili wa Nisea, mwaka 787, ulipotetea matumizi ya picha takatifu, ulifundisha kwamba heshima inayotolewa kwa picha humfikia yule anayeonyeshwa ndani yake. Fundisho hilo lilihusu sura ya Kristo, ya Mama Bikira Maria na ya watakatifu, wala hatutaki kulinyoosha kupita kiasi. Hata hivyo linatuachia swali: ikiwa heshima hupitia katika picha na kumfikia mtu, je, uzembe wetu nao haumfikii?

Ili maneno yetu yasiwe ya jumla mno, tumechagua chombo kimoja ambacho vijana wetu wanaojifunza kompyuta wanaweza kukitumia. Jina lake ni ImageMagick. Ni programu huria, yaani kila mtu anaruhusiwa kuitumia pasipo malipo, kusoma jinsi ilivyoandikwa, kuirekebisha na kuwagawia wengine. Kwa kawaida haitumiwi kwa kubofya vitufe. Mtumiaji hufungua sehemu ya amri katika kompyuta, huandika kwa herufi anachotaka kitendeke, kisha programu hutenda hicho tu: kupunguza picha, kuizungusha, kuikata, kuibadili kutoka aina moja kwenda nyingine. Inafahamu aina za picha zaidi ya 200, na haihitaji kompyuta ya gharama kubwa. Wala haichagui kati ya picha moja na picha elfu moja. Amri ni ileile.

Asili yake inastahili kusimuliwa. Mwaka 1987 John Cristy alikuwa mfanyakazi wa kampuni ya DuPont huko Marekani. Msimamizi wake, David Pensak, alimwomba atafute namna ya kuonyesha picha zenye rangi nyingi mno katika vioo vya kompyuta vilivyoweza kuonyesha rangi 256 tu kwa wakati mmoja. Cristy akauliza katika Usenet, uliokuwa uwanja wa majadiliano wa watu wa kompyuta wa nyakati zile, na akapata programu ya Paul Raveling wa Chuo Kikuu cha Southern California, ambaye alikuwa ameitoa bure kwa yeyote aliyeihitaji. Cristy akaijenga kazi yake kuanzia hapo, na baada ya miaka michache akaona inampasa kurudisha fadhila. Kwa ridhaa ya kampuni, tarehe 1 Agosti 1990 naye akaiweka programu yake hadharani bila malipo. Sisi tunaosoma Injili ya Mathayo, sura ya kumi, tunapokumbuka Bwana alivyowaagiza mitume kutoa bila malipo kile walichopokea bila malipo, hatuna haja ya kuelezwa zaidi. Ukarimu wa mtu mmoja ulizaa ukarimu wa mwingine, na matunda yake yamefika mpaka kwetu.

Na kweli yamefika, hata kama hatukujua. Programu ya MediaWiki, inayoendesha Wikipedia pamoja na ile ya Kiswahili iliyoanza mwaka 2003, imekuwa ikitegemea ImageMagick katika kupunguza picha ili zifunguke upesi. WordPress nayo, ambayo majimbo na parokia nyingi huitumia kutengenezea kurasa zao, huitumia pale inapoikuta katika kompyuta mama. Mtu aliyeketi Butiama akifungua habari za Mwalimu Nyerere kwa simu ndogo, huenda picha anayoiona imepita katika mikono ya chombo hiki kisichojitangaza. Tunawafahamu watumishi wa namna hiyo katika Kanisa: mama anayefua nguo za altare, mzee anayegonga kengele, karani anayenakili majina.

Wapendwa, chombo hiki kina namna mbili za kufanya kazi ambazo kila anayekitumia hana budi kuzitofautisha. Amri ya magick, ambayo katika matoleo ya zamani iliitwa convert, huichukua picha yako, hutengeneza nakala mpya kama ulivyoagiza, na kuiacha ile ya asili salama. Amri ya pili, mogrify, kwa kawaida huandika juu ya picha ileile, na ya asili hupotea. Amri hii ya pili inapendwa kwa sababu hushughulikia folda nzima kwa mara moja, na hapo ndipo hatari ilipo. Aliyepunguza picha mia tatu za ndoa bila kutunza za asili hawezi kuzirudisha. Tena picha za aina ya JPEG, ambazo ndizo simu nyingi hutoa, hupoteza kitu kidogo kila zinapohifadhiwa upya baada ya kubadilishwa.

Wachimbaji wadogo wa hapa kwetu wanalielewa jambo hili bila kufundishwa. Mawe yakishasagwa kwenye karasha na kuoshwa, mchanga unaobaki huitwa marudio. Mgeni akiuona atadhani hauna kitu. Mchimbaji mzoefu hautupi, maana anajua imo dhahabu ambayo njia ya kwanza haikuweza kuitoa. Picha ya asili ni kama mchanga huo. Leo tunatazama bwana na bibi arusi walio katikati. Miaka kumi baadaye mzee aliyesimama pembeni kabisa, nyuma ya watoto, anafariki dunia, na familia yake inagundua kwamba hana picha nyingine yoyote. Katika picha ya asili uso wake ukikuzwa utaonekana. Katika nakala iliyobanwa kwa ajili ya simu, lililobaki ni doa.

Kanisa limefikiri hivyo kuhusu vitabu vyake tangu kale. Kanuni ya 535 ya Sheria za Kanisa inaagiza kila parokia iwe na vitabu vya ubatizo, ndoa na marehemu, na kwamba vile vya zamani navyo vitunzwe kwa uangalifu. Mwaka 1943 kijana mmoja wa Butiama alibatizwa huko Nyegina, parokia ya kwanza katika eneo letu hili la Mara, iliyoanzishwa na Mapadre Weupe mwaka 1911. Siku ile hapakuwa na mtu aliyeweza kujua kwamba Jimbo la Musoma lingefungua mchakato wa kumtangaza Mwenyeheri, na kwamba tungemwita Mtumishi wa Mungu Julius Kambarage Nyerere. Hatujui ni jina lipi kati ya majina tunayoandika leo litakalotafutwa kesho. Kwa hiyo, hata pale kurasa za vitabu hivyo zinapopigwa picha ili zisomeke katika kompyuta, kitabu chenyewe hakitupwi, na picha ya kwanza iliyopigwa haiguswi. Kazi zote hufanyika juu ya nakala.

Tumesema juu ya kutunza. Tuseme sasa juu ya kuondoa, maana hapa ndipo roho za watu zinapohusika moja kwa moja.

Picha inayopigwa kwa simu hubeba zaidi ya inachoonyesha. Ndani ya faili huandikwa aina ya simu, tarehe, saa na, iwapo simu imeruhusiwa kutambua mahali ilipo, hata vipimo vya mahali hapo kwa usahihi wa mita chache. Macho hayavioni, lakini mwenye programu kama hii huvisoma kwa neno moja, identify, akiongeza -verbose. Sasa tuufikirie mkoa wetu wa Mara. Sheria ya mwaka 1998 ya Makosa ya Kujamiiana ilifanya kuwa kosa la jinai kumkeketa msichana aliye chini ya umri wa miaka 18. Hata hivyo bado wapo mabinti wanaokimbia nyumbani usiku, hasa mwezi wa Desemba, ili kuunusuru mwili wao. Masanga huko Tarime, Mugumu huko Serengeti na hapa Butiama pamekuwa na vituo na nyumba salama za kuwapokea. Mgeni mwema akimpiga picha binti wa namna hiyo, kisha akaituma kwa barua pepe kwa marafiki wa mbali ili kuomba msaada, huenda ameituma pamoja na ramani ya mahali binti alipojificha. Baadhi ya huduma za simu, kama vile WhatsApp, huondoa maelezo hayo picha inapotumwa kama picha, lakini ikitumwa kama faili huyaacha yalivyo.

Dawa yake ni neno moja katika amri: -strip. Neno hilo huondoa maelezo yote ya ndani. Kwa vijana wa VIWAWA na makarani wetu, tunaiandika amri nzima, wainakili:

magick mogrify -path ndogo -auto-orient -resize "1200x1200>" -strip *.jpg

Tuifafanue. Sehemu ya -path ndogo inaelekeza nakala ziwekwe katika folda iitwayo ndogo, ambayo mmeitengeneza kabla, ili picha za asili zisiguswe. Neno -auto-orient husimamisha picha wima, nalo litangulie -strip, kwa kuwa maelezo ya jinsi simu ilivyoshikwa nayo yataondolewa, na picha yaweza kulala ubavu. Sehemu ya -resize hupunguza picha isizidi nukta 1200 kwa upana wala kwa urefu, bila kuinyoosha, na alama ya > huzuia picha ndogo kukuzwa bure. Picha ya megabaiti nne au tano mara nyingi hushuka chini ya nusu megabaiti, na hilo ni nafuu kwa yule anayenunua kifurushi cha intaneti kwa fedha ya jasho.

Lakini tusije tukaiachia mashine dhamiri yetu. Programu hii huondoa ramani iliyofichika. Haiuoni ubao wenye jina la shule nyuma ya mtoto, wala sare, wala kilima ambacho kila mtu wa wilaya hii hukitambua. Haijui kama mama wa mtoto aliridhia. Haijui kama mgonjwa alipigwa picha akiwa na nguvu za kukataa. Mwaka 2022 nchi yetu ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, nasi tunaitii. Lakini hata kabla ya sheria hiyo Mkristo alikuwa na wajibu wa kuuliza kwanza. Zipo picha ambazo namna bora ya kuzitunza ni kutozipiga kabisa. Chombo chenyewe pia si kikamilifu. Mwezi Mei 2016 ilitangazwa kwamba picha iliyotengenezwa kwa hila iliweza kuifanya programu hii itende mambo ambayo mwenye kompyuta hakuyaagiza. Watunzaji wake walirekebisha, na tangu hapo busara ni kutumia toleo jipya na kujihadhari na picha kutoka kwa watu tusiowafahamu.

Wapendwa, mnaikumbuka ile siku Mafarisayo walipomtega Bwana kwa habari ya kodi. Aliomba aonyeshwe sarafu, akauliza sura iliyo juu yake ni ya nani. Ilikuwa ya Kaisari, basi ikarudishwa kwa Kaisari. Sisi wa Buhemba tunaishi juu ya ardhi yenye dhahabu, na tunajua jinsi watu wanavyoilinda hata punje yake. Lakini dhahabu hupokea sura ya mtawala yeyote anayeigonga muhuri, ilhali mwanadamu, kama kitabu cha Mwanzo kinavyotufundisha, aliumbwa kwa sura ya Mungu, wala hakuna aliyepewa mamlaka ya kuandika juu ya asili hiyo. Binti aliyekimbia usiku anaibeba. Mzee wa pembeni ya picha anaibeba. Mchimbaji anayetoka shimoni akiwa na vumbi mpaka kwenye kope anaibeba pia.

Kwa hiyo tunawaomba mambo matatu katika Jumuiya zetu Ndogo Ndogo. Kwanza, picha za asili za matukio ya parokia zihifadhiwe mahali pawili, na kazi zifanyike juu ya nakala. Pili, picha yoyote ya mtoto, mgonjwa au mtu aliyekimbilia usalama isitumwe kabla ya kupata ridhaa na kuondolewa maelezo ya ndani. Tatu, vijana wanaojua kompyuta wawafundishe wenzao bila kudai malipo, kwa maana chombo chenyewe walikipata bure.

Mwenyezi Mungu, ambaye Mwanae ndiye sura kamili ya Yeye asiyeonekana, atujalie kuitambua sura yake katika kila uso. Tunawatakieni Dominika njema. Amina.