Kutoka Kaze hadi Nyanza

Njia kuu ya misafara, ile iliyotoka Bagamoyo ikapita Mpwapwa na Tabora hadi Ujiji, imo tangu mwaka 2006 katika orodha ya awali ya urithi ambayo Tanzania iliiwasilisha kwa UNESCO. Tawi lake la kaskazini halimo. Tawi hilo lilitoka Kaze, makao ya wafanyabiashara wa Kiarabu yaliyokuwa karibu na Tabora ya leo, likakata nchi ya Wanyamwezi na ya Wasukuma hadi kwenye maji ya Mwanza. Ndiyo njia aliyoichagua mwalimu mmoja mstaafu wa Unguja, msomeshaji wa jiografia, alipoazimia kusafiri peke yake kwa baiskeli mwezi wa Julai, majira yale yale ambayo John Hanning Speke alipita hapo kwa miguu.

Ni mwendo wa zaidi ya kilomita 300. Speke aliondoka Kaze tarehe 9 Julai 1858, akamwacha nyuma mwenziwe Richard Burton, akaliona ziwa tarehe 3 Agosti. Mwalimu alijipa siku sita. Baiskeli yake ilikuwa ya kawaida, nzito, isiyo na gia, na juu ya keria alifunga begi moja la nguo, pampu, viraka na gundi.

Ya njia ya zamani hakuyaona mengi, na asiyetarajia hilo atavunjika moyo mapema. Njia ya misafara ilikuwa ujia wa nyayo, upana wa mtu mmoja, uliohamahama kufuata visima, vita na ushuru wa watemi. Leo malori na mabasi ya Nzega na Shinyanga yanapita juu ya lami, na mwenye baiskeli hujibana ukingoni kila honi ipigwapo. Kilichobaki ni umbali wenyewe. Miguu inayozungusha pedali dhidi ya upepo wa kiangazi inajua, kuliko ramani yoyote, kwa nini msafara ulilala pale palipo na maji. Lugha nayo imebakiza kitu. Kwa Wanyamwezi, sukuma ni upande wa kaskazini. Hivyo jina la watu wengi kiasi hicho ni jina la mwelekeo, alama ya njia iliyotamkwa na jirani wa kusini.

Speke alikwenda huku macho yake yakiwa bado hayajapona sawasawa, kwani alikuwa amepofuka nusu alipofika Ujiji miezi michache kabla. Hakukijua Kiswahili. Alizungumza Kihindustani, tena cha kubabia, na Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyekamatwa utotoni, akauzwa utumwani, akapelekwa India na kurejea Unguja baada ya kufa bwana wake. Bombay ndiye aliyekigeuza Kihindustani kile kuwa Kiswahili, na Kiswahili kikageuzwa tena njiani. Kila neno la Mwanza lililofika katika daftari la Mwingereza lilikuwa limekwisha kupita vinywa viwili au vitatu. Wapagazi walibeba nguo na shanga, kila mmoja takriban frasila mbili, yaani kilo 30 na ushei. Shanga zenyewe zilikuwa nyeupe, na wenyeji wa huko walitaka za rangi: kosa ambalo mpagazi hakulifanya, ila aliyelibeba ni yeye.

Siku ya tano, baada ya Mabuki, mwalimu alipata pancha. Alikuwa ameipindua baiskeli kando ya barabara alipotokea kijana anayesukuma yake, imepakiwa magunia matatu ya mkaa, mawili ubavuni na moja juu, fimbo ikiwa imefungwa kwenye usukani ili aweze kuuelekeza mzigo akiwa pembeni. Aliiegemeza kwa gongo, akaja.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

Aliipapasa tyubu, akaipata tundu kwa kuisogeza shavuni, akaikwangua na kuibandika kiraka. Akauliza atokako. Tabora, akajibiwa. Akalitazama begi.

"Umebeba nini, mzee?"

"Nguo zangu tu."

"Basi unakwenda kuchukua mzigo."

Mwalimu alianza kueleza habari za Speke na mwaka 1858. Kijana alisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha akasema kuwa Kirumba, pale Mwaloni, dagaa ni wengi, na kwamba Misungwi wanunuzi hawakosi. Kwake yeye hakuna anayefika Mwanza mikono mitupu na kurudi mikono mitupu. Hapana shaka mpagazi wa Kinyamwezi angesema hivyo hivyo. Misafara ilikuwa yake kabla haijawa ya mgeni yeyote. Ajabu ni kwamba mwenye begi la nguo huitwa msafiri, naye huandikwa vitabuni, ilhali mwenye magunia matatu, anayeikata njia hiyo hiyo mwaka mzima na peke yake vile vile, hatujampatia jina zaidi ya muuza mkaa.

Mwanza, mwalimu aliiacha baiskeli chini na kupanda Isamilo, kilima kinachotajwa aghalabu kuwa ndicho alichosimama Speke. Maji yalikuwa yametanda kati ya mawe makubwa na mapaa ya mabati. Speke alikaa siku chache tu, akalipa ziwa jina la malkia wake, akaondoka na hakika ya chanzo cha Nile ambayo Burton hakuikubali. Bombay alirudi naye safari ya pili, kisha akafuatana na Stanley kumtafuta Livingstone, kisha na Cameron hadi pwani ya Atlantiki. Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London kilimpa medali ya fedha na baadaye pensheni. Mashariki ya Mwanza iko Ghuba ya Speke. Ghuba ya Bombay haipo.

Asubuhi yake mwalimu alikwenda Mwaloni. Alinunua dagaa, gunia dogo, akahamishia begi mgongoni na kulifunga gunia kwenye keria kwa mpira wa tyubu kuukuu. Kufikia Nyegezi lilikuwa limeshalegea mara mbili.