Mazimwi Manne ya Mutakura

Wasomaji wa kurasa hizi wamezoea kutuona tukibishana juu ya ngeli na upatanisho wa kisarufi. Leo twaomba ruhusa tusimulie jambo ambalo baadhi ya walimu wenzetu wataliita la kitoto. Kwa miezi kadhaa, jioni, baada ya kusahihisha madaftari, tumekuwa tukiunda mchezo wa kompyuta nyumbani kwetu Mutakura, kaskazini mwa jiji la Bujumbura, pamoja na wapwa zetu wawili, mvulana na dada yake mkubwa.

Mvulana ndiye aliyeanza. Alikuwa ameuona katika simu mchezo wa Space Invaders, uliobuniwa Japani na Tomohiro Nishikado mwaka 1978 kwa ajili ya zile mashine za kutumbukizia sarafu, akataka tuunde wa kwetu. Tulikubali kwa kuwa kazi ilionekana nyepesi: wavamizi 55 katika safu tano, mzinga mmoja chini, basi. Tena ilituvutia siri yake moja. Wavamizi wale huongeza mwendo kadiri wanavyopungua, na asili ya jambo hilo ni udhaifu wa mashine yenyewe: kila mmoja aliyetoweka aliipunguzia kazi ya kuchora, nayo ikawachora waliobaki kwa haraka zaidi. Nishikado aliona kasi ile yaunogesha mchezo, akaiacha. Mwalimu mwenye darasa lililofurika ataielewa mashine hiyo bila ya maelezo.

Jioni moja mzinga wetu ukapata sauti. Mvulana alipiga kifuniko cha sufuria, tukainasa sauti ile, tukaipachika mahali pake. Dada yake alikuwa mlangoni akichambua maharagwe. Alisimama, akatoka uani, wala hakurudi. Tulimkuta ameketi gizani.

"Mjomba," alisema, "sauti hiyo siitaki humu ndani."

Mwaka 2015 Mutakura ulikuwa miongoni mwa mitaa ya Bujumbura iliyokumbwa na maandamano na milio ya risasi. Binti huyu alikuwa na umri wa miaka minane. Ndugu yake alikuwa bado akibebwa mgongoni, naye hakumbuki kitu. Sisi tuliokuwa watu wazima tulikumbuka vema, ila hatukufikiri, na hilo ndilo linalotuudhi hata sasa.

Tuliufuta mchezo wote usiku uleule. Mvulana alilia.

Ndipo tukamgeukia Toru Iwatani, aliyeubuni Pac-Man katika kampuni ya Namco mwaka 1980. Huyu alichoshwa na vita vilivyojaa katika kumbi za michezo, akatafuta mchezo ambao wanawake nao wangeufurahia, akauona katika kula. Mdomo mmoja wapita katika mzingile ukimeza vidoto 240 na vingine vinne vikubwa, huku wakimbizwa na vizuka vinne. Kuchora mzingile hakukutusumbua. Njia za Mutakura zimenyooka na zimepewa nambari badala ya majina, nasi tulizichora kama zilivyo, kwanza katika daftari, maana umeme ulikuwa umekatika.

Neno la vizuka lilituletea ubishi, kwa kuwa kizuka ni pia mwanamke aliye edani, na jirani mmoja mwenye asili ya Buyenzi hakupenda neno hilo lichezewe. Tukachukua mazimwi.

Kazi kubwa ilikuwa ni kuyapa mazimwi akili. Tuliyaamuru yote manne yamfuate mchezaji kwa njia fupi. Matokeo yalichekesha: baada ya kona chache yalijipanga nyuma yake mstari mmoja kama wanafunzi waendao kuchota maji, na mchezaji akatembea mbele yao bila wasiwasi. Hapo tuliona ustadi wa mchezo wa asili. Jekundu humfuata mchezaji moja kwa moja. La waridi hulenga hatua nne mbele yake, ili limzuie njiani. La samawati hupima mahali alipo mchezaji na mahali lilipo jekundu, kwa hiyo halitabiriki. La chungwa humwendea, lakini likimkaribia kwa hatua nane humwacha na kukimbilia pembeni mwake. Kanuni nne fupi, na mzingile wote ukawa hai. Zilituchukua wiki tatu, na ile ya samawati bado hukosea.

Kanuni ya zimwi la chungwa aliiandika binti mwenyewe, bila ya kuombwa. Aliweka hatua kumi na mbili. Tulipomweleza kwamba mchezo wa asili una nane, alijibu kuwa waliouunda hawakukaa Mutakura. Tumeiacha kumi na mbili. Sasa mvulana hutushinda kila jioni, na mchezo bado hauna sauti.