Gari Lilichemsha Kitonga

Ukitoka Dar kwenda Iringa kwa gari lako mwenyewe, jiandae na kama kilomita 500. Si mbali kivile kama mnapiga stori. Mimi na mume wangu siku ile tulikuwa hatuongei, na nakwambia ukweli, kufika Chalinze tu niliona kama nimefika Zambia.

Wala hatukuwa tumegombana. Bora tungegombana. Miezi mitatu nyuma mimba yangu ya kwanza ilitoka ikiwa na miezi mitano, na tangu siku tuliyotoka hospitali kila mtu alibaki na lake moyoni. Yeye akazama kazini. Mimi nikaacha kusali. Sikukaa chini nikaamua, nilijikuta tu Jumapili ikifika nafua nguo. Mama mkwe alipewa habari kwa simu, maneno mawili matatu, na sasa alitaka kutuona. Nilijua atanikumbatia, na ndicho nilichokuwa nakikwepa.

Foleni ya Kibaha ilitula saa mbili nzima. Morogoro tukanywa chai, kimya. Mikumi barabara inakatiza katikati ya hifadhi, na kuna bango la faini kwa kila mnyama utakayemgonga. Siku zote hapo ndipo tunapochangamka, tunabishana nani kaona twiga kwanza. Safari hii walisimama tembo karibu kabisa na lami, mama na mtoto wake. Nikageuza uso. Mume wangu akaniona, akaongeza sauti ya redio.

Ruaha Mbuyuni joto lilikuwa la kufa mtu. Tukanunua vitunguu vya kumpelekea mama, tukaanza kupanda Kitonga. Kama hujawahi kupita, ile barabara imejibanza kwenye mwamba, upande wa pili ni korongo, na mbele yako malori ya Zambia na Kongo yamepangana yanapanda kwa mwendo wa mtu anayetembea. Kiyoyozi tulikuwa tumekifungulia mpaka mwisho. Niliuona mshale wa temperecha unapanda. Nikanyamaza. Ndivyo tulivyokuwa tumezoea kuishi, kila mtu anaona na ananyamaza.

Mvuke ulipotoka mume wangu akaegesha mahali palipopanuka kidogo, akashuka, akafungua boneti na kupeleka mkono kwenye mfuniko wa rejeta.

“Kaka, acha! Utaungua uso!”

Alikuwa utingo wa lori lililopumzika mbele yetu. Akakata matawi, akayapanga barabarani nyuma ya gari ili wanaokuja wajue kuna tatizo. Dereva wake akashuka taratibu, mtu mzima mwenye kofia.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba wanangu. Poleni.”

Akachungulia. Mpira wa juu wa rejeta ulikuwa umepasuka karibu na klipu. Dawa yake, akasema, ni kusubiri kwanza. Ukimwagia maji baridi injini inayowaka, silinda hedi inapasuka, na hapo utauza gari kulipa fundi. Basi tukasubiri. Saa kumi ilikuwa imefika, mzee akatawadha kwa maji ya dumu, akatandika boksi kando ya lori na kuswali, malori yakinguruma pembeni yake. Nilikaa kwenye jiwe namwangalia. Nilimwonea wivu, kusema kweli.

Alipomaliza akaja kukaa nasi.

“Mna watoto?”

Swali la kawaida kabisa, si unajua watu wazima. Nikainama. Mume wangu alikaa kimya kwa muda, kisha nikasikia, “Tulikuwa na mmoja njiani, mzee. Hakufika.”

Mbele yangu hakuwahi kulitamka. Mzee hakusema Mungu atawapa mwingine, maneno niliyoambiwa mpaka nikachukia kupokea simu. Alisema, “Poleni sana, wanangu,” akatulia. Mume wangu alikuwa analia. Nilihamia karibu yake.

Sitakudanganya kwamba niliona nuru. Nilichosema kimoyomoyo kilikuwa kifupi, na nusu yake lawama. Lakini nilikuwa naongea na Mungu, kwa mara ya kwanza baada ya miezi mitatu, juu ya jiwe la Kitonga, mikono ikinuka vitunguu.

Injini ilipopoa utingo akakata kile kipande kilichopasuka, akauvuta mpira uliobaki, akaubana na klipu, akazungushia mpira wa tyubu. Tukawasha, tukajaza maji kidogo kidogo. Mzee akatuagiza tuzime kiyoyozi, tufungulie hita hadi mwisho na madirisha yote, joto la injini lipate pa kutokea. Hela alikataa. Alichukua vitunguu vitatu.

Tulipanda tukitokwa jasho kama tuko jikoni. Kazi yangu ilikuwa kusoma mshale.

“Uko katikati.”

“Sasa?”

“Bado katikati.”

Hivyo hivyo mpaka Ilula, na tulipoingia Iringa giza lilikuwa limeshatanda na baridi yake. Mama mkwe alikuwa mlangoni, kajifunika khanga mbili.

“Mmechelewa wanangu, kulikoni?”

“Gari lilichemsha, mama,” mume wangu akajibu, akanishika mkono. “Tuingie ndani tukusimulie. Na lile jingine pia.”