Treni ya Papa na programu isiyoomba pesa

Wasikilizaji wetu wa Bukavu, nanyi mliohama na kuhifadhiwa kwa ndugu, leo siwaletei bei za soko la Kadutu. Nawaletea habari ya treni. Najua, Bukavu haina reli. Ile ya Kalundu hadi Kamaniola, iliyokuwa karibu nasi kidogo, ilikufa zamani. Treni ninayoisema inakaa juu ya mbao mbili sebuleni kwetu.

Papa alifanya kazi ya reli Kalemie, akiruhusu treni kuelekea Kabalo, kilomita 273. Kaka yangu mkubwa aliye Ubelgiji alimtumia sanduku: reli ndogo, vichwa viwili vya treni, na kidude cha Arduino chenye DCC-EX, kinachopitisha amri ndani ya reli zenyewe. Kwa kipimo chake cha 1 kwa 87, Kalemie–Kabalo ingehitaji zaidi ya kilomita 3. Sisi tuna mita mbili na nusu.

Ilibaki programu ya kompyuta ya kuongoza yote hayo. Kaka alinishauri TrainController. Ni nzuri, inatembeza treni kwa ratiba. Lakini ni ya kulipia, tena inataka Windows, na kompyuta yangu ya zamani inatumia Linux. Tangu benki za mji zifungwe mwaka 2025, kadi yangu ni plastiki tu. Halafu Mama aliniuliza mbele ya wageni wetu, familia ya watu sita iliyohama Kalehe: "Hiyo treni italeta unga?" Niliona haya. Nikaapa haitakula hata faranga moja ya nyumba.

Basi nikachukua JMRI. Ni ya bure, inakubali Linux, ina Kifaransa, na ukishaishusha pamoja na Java yake, haikuombi tena intaneti. Ila si rahisi. Ilinichukua siku tatu kuielewa, na siku ya kwanza kuwasha, vichwa vyote viwili viliondoka pamoja vikagongana. Watoto walicheka mpaka machozi. Kumbe vichwa vipya kwa kawaida hutoka kiwandani vikiwa na namba 3, na amri ya namba 3 inasikiwa na vyote. Niliondoa kimoja, kile kilichobaki nikakipa namba 4 kwa DecoderPro, sehemu ya JMRI ya kazi hiyo.

Papa hakucheka. "Mwanangu, Kalemie hatukuingiza treni mbili katika kipande kimoja." JMRI inaweza kulinda kanuni hiyo, lakini inahitaji vifaa vya kuhisi treni iko wapi, navyo hatuna. Kwa hiyo Papa anakaa kando ya mbao na kutazama mwenyewe. Binti wa wageni wetu, wa miaka tisa, anashika kompyuta na habonyezi kitu mpaka Papa aseme: "Njia wazi!"

Umeme ukikatika, kompyuta inaendelea kwa betri yake, lakini reli zinakufa. Nimeziunganisha na betri ya sola ya volti 12. Mama amekubali nusu saa tu, taa kwanza.

Jana binti aliuliza kama reli inaweza kufika Kalehe. Papa akaniagiza mbao ya tatu. Mbao nayo ina bei, na Mama bado sijamwambia.