Biki ya buluu na kalamu ya Mzee

Wandugu, mmebishana juu ya kalamu siku mbili sasa. Wacha na sisi wa huku Lobule, Koboko, tuseme yetu.

Sisi wa kujitolea, nusu ya kazi yetu ni kuandika. Majina, watu wangapi ndani ya nyumba, namba ya kadi. Siku ya mgao unaweza kuandika majina mia na zaidi, umekaa chini ya mwembe, karatasi iko juu ya goti.

Kama ni kupenda tu, tungechukua kalamu ya wino, ile ya kujaza, yenye ncha ya chuma iliyopasuliwa katikati. Kuna mzee jirani yetu, alikuwa mwalimu kule Congo, alivuka mpaka nayo ndani ya koti. Akituazima tunaipigania kabisa! Huikandamizi, inateleza yenyewe, hata ukimaliza kurasa tatu vidole haviumi. Na herufi zinatoka pengine nene, pengine nyembamba. Jina la mtu linapendeza.

Lakini wino wake ni wa maji. Mama mmoja mjane alikuwa na barua ya kuomba mtoto wake aongezwe kwenye kadi. Mvua ikamkuta njiani. Kufika, jina la mtoto limekuwa doa la buluu. Namba ya simu iliyoandikwa nyuma kwa biki ilikuwa bado inasomeka yote. Mama akarudi nyumbani, akaanza foleni upya.

Biki inatumia wino wa mafuta. László Bíró, mwandishi wa habari wa Hungaria, alihangaika nayo miaka ya 1930, juu alitaka wino unaokauka haraka kama ule wa magazeti. Ile ya Mfaransa Marcel Bich, hii yetu ya kila siku, ilianza kuuzwa 1950.

Halafu kuna jambo la kabonia, na hili wengi mmelisahau. Fomu zetu zingine ni nakala tatu, kabonia katikati. Ukiandika na kalamu ya wino, ya juu inapendeza, ya chini kabisa inatoka nyeupe. Na hiyo ya chini ndiyo anabaki nayo mkimbizi mwenyewe. Atakwenda kudai na nini? Biki inakutesa mkono, ndiyo, lakini inafika mpaka chini.

Mnaosema nyeusi, hapana. Sahihi nyeusi, karani anadhani ni fotokopi, anakurudisha. Buluu anaona wazi kuna mtu ameshika kalamu.

Mzee tulimweleza haya yote, akacheka tu. Barua za kuposa bado tunampelekea yeye, hizo hatuandiki na biki. Chupa yake ya wino iko karibu kuisha na hapa Koboko tumezunguka maduka bila kuipata. Anayekwenda Arua wiki hii atukumbuke: wino chupa moja, biki za buluu kumi.