Mkulima Si Mkaidi, Bali Hupima

Mara nyingi watu wa ofisini husema ya kwamba mkulima ni mkaidi, na ya kwamba hata akiletewa mbegu bora mlangoni ataitazama tu. Mimi ni karani, nami nimeyasikia maneno hayo miaka mingi. Lakini nililelewa na mkulima, na yafaa nimtetee.

Kazi ya kutafuta mahindi bora huko Kitale ilianza mwaka wa 1955. Wataalamu walichagua kwanza mahindi yaliyokwisha izoea nchi yetu, kisha wakayazalisha pamoja na mahindi yaliyotoka milima ya Ecuador, katika Amerika ya Kusini. Mwaka wa 1964 ikatolewa mbegu chotara iliyoitwa Hybrid 611, nayo katika sehemu za juu zenye mvua nzuri ilizaa kupita mahindi ya zamani.

Bwana Shamba alipofika kwetu upande wa Bungoma, alimshauri mama apande mapema, kwa mistari, apalilie mara mbili, na kutia mbolea. Mama alisikiliza kwa adabu, kisha akauliza, "Bwana Shamba, yasipozaa, watoto hawa watakuja kula kwako?" Bwana Shamba alikuwa mtu mwenye busara, wala hakukasirika. Akamwambia, "Basi mama, jaribu robo ekari."

Mama alipanda robo hiyo, na sehemu iliyobaki akapanda mbegu yake iliyotundikwa juu ya moshi wa jiko. Mbolea hakununua, kwa kuwa fedha zilikuwa za karo. Wakati wa mavuno alihesabu madebe ya kila upande. Hata hivyo hakutosheka na hesabu ya madebe. Alisaga unga akaonja ugali wake, kisha akangoja miezi kadhaa aone kama fukusi wataingia ghalani upesi kuliko katika mahindi ya zamani. Mwaka wa pili alipanda nusu ya shamba, na mwaka wa tatu karibu shamba zima, akaacha matuta machache ya mahindi aliyoyapenda kwa kuchoma. Mbolea ilikuja baadaye. Majirani nao, waliokuwa wakichungulia uani, walimfuata.

Je, huu ni ukaidi? Wachunguzi walioandika habari hizi katika miaka ya 1970 walionyesha ya kwamba, katika sehemu za magharibi zenye rutuba, mbegu chotara ilienea kwa kasi isiyopungua ile ya wakulima wa mahindi wa Marekani wa miaka ya 1930. Mbegu ilipofaa, watu waliichukua.

Lakini liko jambo moja zito. Mbegu chotara hununuliwa kila mwaka, kwa maana ukipanda punje za mavuno yako, nguvu hupungua na mazao hushuka. Na fedha za mbegu hutakiwa wakati wa mvua za kwanza, ndipo nyumba nyingi huwa hazina kitu. Mwenye kukosa fedha siku hiyo hakuikataa mbegu, ila hakuweza kuifikia. Ndiyo sababu wakulima wa Ukambani walinufaika na mahindi ya Katumani, yanayokomaa upesi kabla ya mvua kukatika, tena mkulima aweza kujiwekea mbegu yake kwa misimu michache.

Basi, enyi mnaokwenda kuwashauri wakulima, msiulize kwanza kwa nini mtu hataki. Ulizeni mvua yake ni ya namna gani, ana fedha mwezi gani, na watoto wake watakula nini mambo yakiharibika. Nawe mkulima mwenzangu, usikatae kabla ya kujaribu, wala usijaribu kwa shamba zima. Robo ekari ikiharibika, nyumba itakula. Ikistawi, kijiji kizima kitaona.